Kisima, Bomba na Bahari Jirani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Maji ya Tanga

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila watu wa Tanga wanapozungumzia maji: kwenye foleni ya madumu, kwenye mkutano wa mtaa, na zaidi mtu anapopata kiwanja Kange au Mwahako akaanza kuulizia bei ya kuchimba kisima. Aliyekuja kwa ajili ya chumvi ashuke moja kwa moja mpaka swali la sita. Hapo nimeandika kirefu kuliko kwingine, kwa sababu hapo ndipo fedha za watu zinapofukiwa ardhini.

1. Maji ya juu ya ardhi ni yapi, na maji ya ardhini ni yapi?

Ya juu ni yale unayoyaona kwa macho: mto Zigi, Mkulumuzi, Pangani, Umba, bwawa la Mabayani, vinamasi na madimbwi. Ya ardhini ni yale yaliyojaa kwenye vitundu vya mchanga na nyufa za miamba. Mvua ikinyesha, sehemu yake hurudi hewani kwa jua na kwa majani ya mimea, sehemu hutiririka kwenda mtoni, na sehemu hupenya taratibu mpaka ifike mahali ambapo kila kitundu kimeshajaa. Juu kabisa ya mahali hapo ndipo kiwango cha maji ya ardhini. Shimo lako likikivuka kiwango hicho, maji yanasimama ndani yake, nawe umepata kisima.

Tumezoea kuyataja kama maji ya aina mbili, lakini ni maji yale yale katika safari moja. Mto unalishwa na ardhi kiangazi, na ardhi inalishwa na mto pamoja na mvua wakati wa masika. Anayetupa taka kwenye korongo la Mkulumuzi anaweza kuzikuta kisimani, na anayevuta kisima kupita kiasi kando ya kijito anaweza kukikausha kijito.

2. Fundi aliniambia kuna mto unapita chini ya kiwanja changu. Ni kweli?

Mara nyingi si kweli. Sehemu kubwa ya maji ya ardhini hayamo ndani ya mto wala ziwa la kuzimu. Yamo ndani ya mchanga na mwamba wenyewe, na yanakwenda polepole mno, pengine sentimita chache kwa siku. Tabaka linaloweza kuhifadhi maji na kuyaachia kisimani ndilo wataalamu huliita akwifa. Mchanga na kokoto ni akwifa nzuri. Udongo wa mfinyanzi una maji tele ndani yake ila hauyaachii, ndiyo maana unaweza kuchimba kwenye tope na bado ukakosa ndoo.

Upande wa Kiomoni na Amboni, hata hivyo, fundi wako anaweza kuwa na haki. Kule mwamba ni wa chokaa, wa zama za Jurasi. Maji ya mvua hubeba hewa ya ukaa, yanakuwa na ukali kidogo wa tindikali, na kwa miaka mingi isiyohesabika yamekuwa yakiyeyusha chokaa hiyo na kupanua nyufa zake. Mapango ya Amboni ni kazi ya maji hayo hayo. Kwenye mwamba wa namna hii yapo mapito ambamo maji hukimbia kweli. Faida yake ni kwamba ukiligonga pito unapata maji mengi. Hasara yake ni kwamba uchafu nao unasafiri kwa kasi ile ile, bila mchanga wa kuuchuja.

3. Maji ya bomba ya Tanga mjini yanatoka wapi?

Yanatoka mto Zigi. Mto huu unaanzia kwenye misitu ya Usambara Mashariki, upande wa Amani, na kabla haujafika baharini unazuiwa na bwawa la Mabayani. Kutoka bwawani maji husukumwa hadi mtambo wa Mowe, yakatibiwa, kisha yakaingia kwenye mabomba ya Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya Tanga. Mtu wa Chumbageni anayefungua koki, basi, anakunywa mvua iliyonyesha juu ya msitu ambao huenda hajawahi kuukanyaga.

Mwaka 2024 mamlaka hiyo iliuza hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa wawekezaji kwa ajili ya mradi unaojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua huduma, na fedha zikapatikana sokoni. Wengi tuliijadili kama habari ya fedha, ya riba na soko la hisa. Mimi naiona kama habari ya msitu, kwa sababu mabomba mapya hayaongezi hata tone moja kwenye Zigi.

4. Kwa nini masika maji ya bomba hubadilika rangi au hukatika, wakati mvua ndiyo imejaa?

Kwa sababu mvua kubwa huja na udongo. Mlima uliolimwa hadi ukingoni mwa mto hauna cha kuushikilia udongo wake; kila mvua inauteremsha, mto unakuwa rangi ya chai ya maziwa, na mtambo unalazimika kutumia dawa nyingi zaidi kuyatuliza mashapo, au kupunguza kasi, au kusimama kabisa. Udongo unaotulia bwawani nao haupotei. Unajaza sakafu ya bwawa mwaka hadi mwaka, na nafasi ya kuweka maji ya kiangazi inapungua.

Ndiyo maana sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa au chanzo cha maji. Juu huko Zigi wapo wakulima waliojiunga katika umoja wa UWAMAKIZI, wanaopanda miti na kulima kwa makinga maji ili udongo ubaki shambani. Kuna pia wale wanaochenjua dhahabu mitoni kwa kificho. Hao huchimbua kitanda cha mto, na wakitumia zebaki, wanaacha sumu ambayo haichemki ikatoka wala haichujwi kwa kitambaa. Mkulima wa mahindi anaweza kukaa akazungumza nawe ukingoni. Huyu wa zebaki anakuja usiku na asubuhi hayupo.

5. Februari mvua hakuna, mbona Zigi bado unatiririka?

Hapo unayaona maji ya ardhini yakiwa njiani. Mvua za masika, za vuli, na hata yale manyunyu ya mchoo kati ya masika na vuli, zilipenya kwenye udongo wa msitu, na sasa zinatoka kidogo kidogo kupitia chemchemi na kingo za mto. Msitu unasaidia kwa sababu majani yaliyooza na mizizi huufanya udongo uwe na matundu ya kupokea maji. Mlima mtupu hupokea mvua ile ile, ila huiachia yote siku ile ile, na hiyo siku inaitwa mafuriko.

6. Kisima changu kina chumvi. Kwa nini, na jirani yangu mbona hana?

Tanga tumekaa juu ya mawe ya matumbawe ya kale, chokaa na mchanga, na bahari iko hapo. Chini ya ardhi hakuna ukuta unaozuia bahari isiingie nchi kavu. Maji ya bahari yamepenya ndani ya mwamba, na maji matamu yaliyotokana na mvua yanaelea juu yake kama mafuta juu ya mchuzi, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Tofauti ya uzito ni ndogo, lita ya maji ya bahari inazidi lita ya maji matamu kwa takriban gramu 25 tu, lakini hiyo inatosha.

Kutokana na tofauti hiyo kuna kanuni inayojulikana tangu mwisho wa karne ya 19. Kwa kila mita moja ambayo maji matamu yamesimama juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo kabla ya kukutana na chumvi. Inasikika vizuri mpaka uigeuze. Ukivuta kwa pampu hadi kiwango kikashuka mita moja, chumvi chini inapata ruhusa ya kupanda hadi mita 40. Haipandi siku hiyo hiyo. Inachukua muda, na ndiyo sababu watu hudanganyika. Mwaka wa kwanza kisima kinasifiwa mtaa mzima. Halafu kiangazi kimoja chai inakuwa na ladha ya ajabu.

Na chumvi haihitaji kuwa nyingi. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Chukua dumu lenye lita 19 za maji matamu, ongeza lita moja kutoka ufukwe wa Raskazone, na dumu zima halinyweki tena. Sehemu moja kwa ishirini tu imetosha. Hata nusu lita utaisikia ulimini.

Kuhusu jirani, huenda kisima chake ni kifupi na kinagusa tu yale matamu ya juu. Huenda anachota kwa ndoo, wewe unavuta kwa pampu saa sita mfululizo. Huenda chini ya kiwanja chake kuna tabaka la mfinyanzi linalozuia, na kwako hakuna. Visima viwili vilivyopishana hatua mia vinaweza kutofautiana kabisa, hasa kwenye matumbawe, ambayo yana mashimo yasiyo na mpangilio.

7. Basi nichimbe zaidi nipite chumvi?

Karibu na pwani, mara nyingi ukizidi kwenda chini unaifuata chumvi. Zipo sehemu ambako tabaka la mfinyanzi limefunika maji matamu chini yake, na hapo kisima kirefu huzaa. Lakini hilo hulijui kwa kukisia wala kwa kubashiri na fimbo ya mti wa mpera. Lipia upimaji wa ardhi kabla ya mashine kufika, uliza visima vilivyochimbwa jirani vilipata nini na kwa kina gani, na umwambie mchimbaji apime chumvi kadiri anavyoshuka, si baada ya kumaliza. Akikutana na maji matamu kisha chumvi ikaanza kupanda, anaweza kuziba sehemu ya chini na kukuachia ya juu. Mchimbaji anayelipwa kwa mita hana haraka ya kukuambia hivyo, kwa hiyo mkubaliane kabla, kwa maandishi.

Kisima kikishaharibika, dawa ya kwanza ni kupunguza kuvuta: pampu ndogo, muda mfupi, mapumziko marefu kati. Baadhi ya visima hurudi baada ya masika moja au mbili. Vingine havirudi, maana chumvi ikishaingia kwenye mwamba inahitaji mvua nyingi kuisukuma itoke.

8. Kisima chetu hupanda na kushuka ndani ya siku moja na mvua hakuna. Ni jini?

Ni bahari. Kwenye matumbawe yaliyo karibu na ufukwe, maji yakijaa baharini yanayasukuma maji ya ardhini, na yakipwa yanayaachia. Wakati wa bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, tofauti huwa kubwa; wakati wa maji mafu, inapojaa na kupwa kidogo, huwa ndogo. Wazee wengi wa pwani wanajua saa ya kuchota kwenye kisima cha namna hii. Kama chako kinafanya hivyo, chukulia kwamba kina njia ya wazi ya kwenda baharini, na ukiheshimu hivyo unapofikiria pampu.

9. Sabuni haitoi povu, na birika limejaa ukoko mweupe. Maji yana sumu?

Hayana sumu kwa sababu hiyo. Ni maji magumu, yaliyobeba chokaa iliyoyeyuka kutoka kwenye mwamba. Yanachosha mfuaji, yanakula sabuni na kuziba vifaa vya kuchemshia maji, lakini chokaa yenyewe haidhuru mnywaji. Usichanganye ugumu na chumvi: maji yanaweza kuwa magumu na bado yakawa matamu. Madoa ya kutu kwenye nguo nyeupe ni jambo jingine, hayo ni madini ya chuma. Ukiyaacha maji wazi kwenye pipa usiku kucha, sehemu kubwa ya chuma hugeuka rangi na kutuama chini.

10. Na yale maji yanayonuka ya Galanos?

Hizo ni chemchemi za salfa, si mbali na Amboni. Maji yake yamezunguka kwenye kina kirefu, yakapata joto na madini, kisha yakapata ufa wa kutokea. Watu huenda kuoga kwa ajili ya ngozi na maungo. Kwa kuoga, sina neno. Kwa kunywa, hapana.

11. Choo kiwe umbali gani kutoka kisimani?

Jibu la kawaida ni mita 30 au zaidi, na kisima kiwe upande wa juu wa mteremko. Sasa nenda Ngamiani au Makorora utafute nyumba yenye mita 30 za ziada. Viwanja ni vidogo, kila ua una choo na karo lake, na baadhi zina kisima vilevile. Nusu ya mtaa inakunywa kilichoachwa na nusu nyingine, hata kama hakuna anayetaka kulisema hivyo mezani.

Umbali wenyewe una maana kwenye mchanga, kwa sababu mchanga huchuja na vijidudu hufa vikiwa njiani. Kwenye chokaa yenye nyufa, mita 30 si kinga ya kutegemea. Ukiwa na kisima kwenye mtaa uliobanana, kitumie kwa kufua, kuogea na kusafishia, na maji ya kunywa uyachukue bombani. Na kama choo bado hujakichimba, usikishushe hadi kwenye maji. Wapo mafundi wanaojisifu kwamba shimo lao halijai kamwe. Halijai kwa sababu linamwagia kisimani kwa watu.

Ujenzi wa kisima nao una neno. Ringi za juu ziwe zimezibwa vizuri, mdomo uinuke juu ya ardhi, sakafu ya saruji iwe na mfereji unaopeleka maji yaliyomwagika mbali, na kuwe na mfuniko. Kamba iliyolala chini kwenye tope la mbuzi kisha ikateremshwa kisimani inafanya kazi ya choo kibaya bila choo chenyewe.

12. Maji ya kisima changu ni maangavu kabisa. Bado nichemshe?

Ndiyo. Vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo havionekani kwa macho. Maji yakitokota kikweli kwa dakika moja, vimekufa. Vidonge vya klorini pia vinafaa kama maji hayana tope, na ufuate maelezo ya pakiti.

Lakini kuchemsha kuna mipaka. Hakuondoi chumvi. Hakuondoi naitreti, inayotokana na vyoo na mbolea. Tena maji yakipungua sufuriani, naitreti iliyobaki inazidi kukolea. Hiyo ni hatari kwa mtoto mchanga wa chini ya miezi sita anayetengenezewa maziwa ya kopo. Mama mwenye mtoto wa namna hiyo na kisima kilicho jirani na choo asisubiri kipimo, atumie maji ya chanzo kingine.

13. Jirani ameweka pampu kubwa na kisima changu kimekauka. Inawezekana ni yeye?

Inawezekana. Pampu ikivuta, maji kuzunguka kisima hushuka na kufanya umbo la faneli, mdomo wake ukiwa mpana kadiri anavyovuta kwa muda mrefu. Kisima kifupi kilichomo ndani ya mdomo huo kinabaki kikining'inia juu ya maji. Kabla hamjafika kwa mjumbe, fanyeni jaribio rahisi: azime pampu siku mbili, wewe pima kina asubuhi na jioni, kisha awashe, upime tena. Mkiona kinapanda na kushuka kwa kumfuata yeye, jibu mnalo, na mazungumzo yanakuwa ya saa za kuvuta badala ya uchawi.

14. Maji yaliyo chini ya kiwanja changu si yangu?

Kisheria si yako. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inasema maji yote Tanzania Bara ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Hati ya kiwanja inakupa ardhi. Maji unapewa haki ya kuyatumia. Nchi imegawanywa katika mabonde tisa, na Tanga tuko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao makuu Moshi. Kwa kisima kirefu cha mashine unahitaji kibali chao, na mchimbaji awe na leseni. Watu wengi hukwepa kwa kuogopa urasimu na ada. Sishangai, ila kila kisima kisichoandikwa ni kisima ambacho hakuna anayekihesabu wakati chumvi inapoanza kupanda mtaa mzima.

Wanaouliza nani ni nani: bodi ya bonde inasimamia chanzo, Tanga UWASA inauza maji ya bomba, RUWASA inashughulikia maji ya vijijini, na EWURA ndiyo inayodhibiti bei na huduma za mamlaka za maji.

15. Mtu mmoja anatumia maji kiasi gani, na yuniti moja ni madumu mangapi?

Yuniti moja ya mita ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lengo la lita 25 kwa mtu kwa siku vijijini, kutoka kituo kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani. Hiyo ni dumu moja na robo, kwa kila kitu. Shirika la Afya Duniani linataja lita 50 hadi 100 ili mtu aishi kwa usafi bila wasiwasi. Choo cha kuvuta, kwa kulinganisha, kinaweza kumeza lita sita hadi tisa kwa mvuto mmoja.

Ukihisi ankara imezidi, funga koki zote usiku na utazame mita. Ikiendelea kuzunguka, bomba linavuja baada ya mita, na hayo ni maji unayoyalipia wewe.

16. Nani anatumia maji mengi kuliko wote?

Mkulima. Duniani, takriban asilimia 70 ya maji yote yanayochukuliwa mitoni, maziwani na ardhini huenda kwenye kilimo. Bonde la Pangani ni mfano wa karibu. Huko juu, kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro, kuna mifereji ya migomba, miwa na mpunga; bwawa la Nyumba ya Mungu limo katikati; chini kuna mitambo ya umeme ya Hale, megawati 21, na Pangani Mpya, megawati 68. Mtambo wa umeme huyatumia maji na kuyarudisha mtoni. Shamba halirudishi mengi, kwa sababu mmea huyapeleka hewani.

Mkonge, ambao Tanga tunaujua tangu Mjerumani Hindorf alipouleta mwaka 1893, uko tofauti kidogo. Shambani hauhitaji kumwagiliwa, unavumilia jua. Kazi iko kwenye korona, mtambo unaotenganisha nyuzi na jani. Nyuzi ni takriban asilimia nne tu ya jani. Kinachobaki ni majimaji na makapi, yanayooshwa kwa maji mengi. Yakiachiwa mtoni bila kutibiwa, huozea humo na kuimaliza hewa ya samaki. Aliyepita karibu na kijito kinachopokea maji ya korona anaijua harufu hiyo.

17. Pangani wanalalamika mto umekuwa wa chumvi. Mto unawezaje?

Mdomoni mwa mto kuna mashindano ya kila siku: mto unasukuma kwenda baharini, bahari ikijaa inasukuma kuingia. Mto ukiwa na nguvu, chumvi inaishia karibu na mdomo. Maji yakipungua kwa sababu ya mashamba, mabwawa na ukame huko juu, bahari inapanda zaidi ndani. Minazi na mashamba ya kando ya mto yanapata maji ya chumvi, na visima vya ukingoni vinaharibika pamoja na mto. Ni kanuni ile ile ya kisima chako katika swali la sita, ila imelala ubavu. Anayefungua mfereji Arusha hamkusudii mtu wa Pangani, na huyo wa Pangani ndiye anayelipa.

18. Maji ya mvua yanafaa?

Yanafaa sana, na inashangaza jinsi tunavyoyaacha yapite. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la mita za mraba 50, kwa mvua ya milimita 1,200 kwa mwaka, linapokea lita 60,000. Toa moja ya tano inayopotea, zinabaki 48,000: madumu 2,400. Shida ni mahali pa kuyaweka. Familia ya watu watano inayotumia lita 50 kwa siku kwa kunywa na kupikia inamaliza simtanki la lita 2,000 kwa siku 40, na masika hadi vuli ni zaidi ya hapo. Kwa hiyo yachukue kama maji ya kunywa pekee, ukae na kisima cha chumvi kwa kazi nyingine. Mvua ya kwanza iache ioshe bati, mfereji uwe na chujio, tangi lifunikwe ili mbu wasiingie. Maji yenyewe uyachemshe, maana kunguru nao wanatumia bati lako.

19. Ninajuaje kama kisima changu kinaelekea pabaya kabla hakijaharibika?

Kipime. Tafuta kamba isiyovutika, funga nati nzito mwishoni, piga fundo kila nusu mita. Asubuhi kabla ya mtu kuchota, iteremshe mpaka usikie nati ikigonga maji, shika kamba pale mdomo wa kisima ulipo, ipandishe, uhesabu mafundo na upime kilichobaki kwa futi. Andika tarehe na kina. Ukiwa karibu na pwani, andika pia kama bahari ilikuwa imejaa au imekupwa, la sivyo utalinganisha namba zisizolingana. Mara moja kwa mwezi inatosha.

Kuhusu chumvi, kipimo kidogo cha kuchovya kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa vya maji kinakupa namba kwa sekunde chache, na mtaa mzima unaweza kuchangia kimoja. Ikizidi miligramu 1,000 kwa lita, watu wengi huanza kuyakataa maji kwa ladha.

Kushuka kiangazi na kupanda masika ni kawaida ya kisima. Cha kutazama ni kama baada ya masika ya mwaka huu kimerudi pale kilipofika mwaka jana. Kisiporudi miaka miwili mfululizo, au namba ya chumvi ikipanda huku kina kikishuka, punguza saa za pampu mara moja, na ulichukue daftari hilo uende nalo ofisi ya bonde pamoja na majirani wenye visima.